Hatua Sita za Udongo Mweusi

Lushebere, tarehe 7 Juni 2009

Kwako Kaka Apollinaire,

Sisi tupo, tunapumua, na watoto wanakula mara moja kwa siku, siku nyingine mara mbili. Consolée wako amenipita kimo, na ile sketi uliyomwachia sasa anaivaa Anastasie wangu. Nimeyataja mazuri kwanza ili usiseme dada yako huandika tu akiwa na ugomvi. Sasa ugomvi wenyewe.

Komite ya amani imekuja hapa kambini mara tatu. Wanasema watu wa kilima chetu cha Muheto tunaweza kurudi kabla ya mvua ya Septemba, tuwahi kupanda maharagi. Familia thelathini na moja, kaka! Karibu miaka miwili tumelala chini ya shitingi za plastiki kama kuku waliofunikwa tenga, na sasa mtu anatuambia tutashika majembe yetu. Lakini kapita, mkuu wa kilima, ameweka sharti. Ugomvi wote wa mipaka uishe kwanza, hadharani, kwa kiapo, kwa sababu moto wetu ulianzia kwenye mpaka. Na kilima chetu kina ugomvi mmoja tu, ule wa hatua sita kati ya shamba letu na la marehemu Hakorimana.

Mjane wake, Mama Cyusa, anaishi hema la tatu kutoka langu. Usishangae nikikuambia tunapika moto mmoja, kuni za hapa hazimtoshi mtu kujitenga. Ni mwanamke mwema, ila kwa jambo hilo amekazana kama msumari. Juzi alisema mbele ya wanawake wote: "Siye tulikimbia mwaka wa 2002, miti ya mupaka iko chini, kule kwa udongo mweusi. Tulirudi 2006, miti imepanda juu, imeingia kwetu hatua sita. Miti iko na miguu?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kaka yangu aliapa juu ya Biblia, Januari 2007, mbele ya kilima kizima, kwamba miti ipo pale pale baba yetu na Hakorimana walipoichomeka. Na kaka yangu ni katekista. Ni wewe uliyetufundisha amri kumi, mimi na nusu ya kilima, na ukatuchapa tulipozichanganya.

Kwa hiyo uje. Kikao ni Jumapili tarehe 23 Agosti, baada ya misa. Urudie neno lako tu, dakika tano, halafu familia thelathini na moja ziende nyumbani. Gari la Papa Muhindo linafika Nyabiondo, kutoka huko kwenu mpaka hapo ni miguu, lakini wewe miguu unayo. Mwambie tajiri wako huyo wa Butembo kwamba duka lake la Walikale halitaanguka kwa wiki mbili bila wewe kumpimia chumvi.

Na mtuombee katika shirika lenu la sala huko. Najua unaongoza ibada, maana wapi utakaa wasikuone?

Dada yako,
Émilienne


Walikale, tarehe 28 Juni 2009

Mdogo wangu Émilienne,

Barua imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini nimeisoma yote. Nashukuru kwa habari za Consolée. Mwambie asome, hata kama shule ya hapo ni shitingi.

Kuja itakuwa vigumu. Mguu wa kushoto unaniuma tangu Pasaka, na njia ya Mpofi wanaishika watu wenye silaha, leo hawa, kesho wale. Pia Papa Muhindo yuko Butembo kwa msiba wa shangazi yake, na duka limebaki juu yangu.

Lakini dada, nimefikiri. Hatua sita ni nini? Ukizipanda maharagi unapata vikapu vichache. Mwachie Mama Cyusa. Mwambie komite kwamba sisi, kwa ajili ya amani, tunatoa. Hakuna haja ya kiapo wala ya kuwasumbua watu wazima. Mkristo anaweza kuacha haki yake, hata Bwana aliacha. Fanya hivyo, watu warudi.

Nakutumia chumvi kilo tano na kitambaa cha Consolée. Usiuze kitambaa.

Kuhusu ibada, hapa wapo wengine wanaoongoza.

Kaka yako,
Apollinaire


Lushebere, tarehe 19 Julai 2009

Kaka Apollinaire,

Chumvi imefika, kitambaa kimefika, na akili yako imebaki Walikale. Kuacha haki? Tangu lini? Wewe uliyekataa kumwachia mjomba hata mpini wa jembe la baba!

Nikisema tunatoa, watu watasikia kwamba tuliiba. Hebu fikiri. Hakorimana aliitwa mwongo mbele ya kilima kizima kwa sababu ya neno lako. Kapita alimwambia, "Papa, muntu wa Kanisa ameapa, wewe nyamaza." Mzee yule akakaa chini na kofia mikononi. Wiki ile ile Cyusa wake, kijana wa miaka kumi na saba, akaingia msituni kwa wenye bunduki, akisema atarudi kumwonyesha nani mwongo. Vijana wetu wakaogopa, wakachoma zizi la Hakorimana. Oktoba ya mwaka ule wakaja watu wa silaha, na unajua sote tulivyokimbia. Hakorimana alifia hapa hapa, kwenye mvua za mwaka jana, na mkewe bado anaota maneno yale. Sasa mimi niseme: basi, chukueni, haikuwa kitu? Watu watanitemea mate, pande zote mbili, na watakuwa na haki.

Hapana. Ukweli hautolewi zawadi. Kama ulisema kweli, isimame. Mimi naijua miti ile kama ninavyowajua watoto wangu. Kila Agosti nyumba mbili tulikuwa tukiipunguza pamoja, matawi yakagawanywa kuni, akina mama wakapika chungu kimoja pale pale mpakani. Ndiyo, miaka ile waliyokimbia wao sikuwepo, nilikuwa nimeolewa Karuba. Lakini wewe ulikuwepo, nami nakujua wewe.

Nimeongea na komite. Wamekubali: kama mguu wako haukuleti, nitaapa mimi mahali pako, kama ndugu wa damu. Nitaweka mkono juu ya Biblia niseme neno la kaka yangu ni kweli. Siogopi. Mama Cyusa aliposikia akanishika mkono, akasema polepole, "Mama Anastasie, usibebe mzigo yenye hukufunga." Nikautoa mkono wangu.

Nakusubiri tarehe 23. Kama si wewe, ni mimi.

Émilienne


Walikale, tarehe 9 Agosti 2009

Émilienne, dada yangu,

Usiape.

Nimeandika neno hilo peke yake juu ili hata kama mvua itakula barua, lifike. Usiape. Hakorimana alisema kweli.

Nitaeleza yote, na usitafute mahali pa kunitetea, kwa sababu hakuna. Mwaka wa 2003, majirani wakiwa wamekimbia, nilisimama mpakani nikatazama ule udongo mweusi wa karibu na chemchemi. Sikuwa na njaa. Consolée alikuwa anashiba. Nilisema moyoni, hawa hawatarudi. Nikasema hata Mungu amewaondoa. Unajua miti ile ya maua mekundu, ukikata tawi na kulichomeka linashika. Nilikata ya zamani chini kabisa, nikafunika mashina kwa udongo, nikapanda maboga juu yake. Matawi nikayachomeka hatua sita ndani ya shamba lao. Kwa miaka mitatu yakawa miti. Mtu yeyote angesema ni ya wazee.

Usidhani Mungu alinyamaza. Nilikuwa naongoza ibada kila Jumapili padiri asipofika. Siku moja nilikuwa nimepanga kuwasomea Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na saba. Nikafika pale panaposema alaaniwe mtu aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikageuza ukurasa, nikasoma zaburi. Hakuna aliyeona. Mungu aliniambia waziwazi kama unavyoniambia wewe, nami nikageuza ukurasa. Wale walioketi kwenye mabenchi hawakujua kwamba tangu siku ile wanaongozwa na mtu aliyemfungia Mungu mlango.

Hakorimana aliporudi, alikuja kwangu kwanza, peke yake, kwa upole. Alisema, "Katekista, tupime tena, siye wawili tu, bantu bengine basijue." Alinipa njia ya kutoka bila aibu. Nilikataa kwa sababu ningekiri kwa mtu mmoja, na kwangu huyo mmoja alikuwa mwingi mno. Kisha ikabidi niape mbele ya mia mbili.

Sijapokea Komunyo tangu siku ya kiapo. Hapa Walikale siongozi ibada, nakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya mwisho. Mguu wangu hauna ugonjwa wowote. Nilikuja huku ili nisiione ile miti, na ili nisimwone Mama Cyusa. Nilipokuandikia uitoe ile ardhi, nilitaka amani inunuliwe bila mimi kusema neno moja. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine.

Kama wanataka ushahidi, wachimbe hatua sita upande wa chini. Chini ya udongo watakuta mashina yamepangwa mstari, kutoka chemchemi mpaka kwenye jiwe kubwa. Nilikata, sikung'oa.

Namtuma mtu anayekwenda kwa miguu, nimemwomba asilale njiani zaidi ya lazima. Usimsomee Consolée.

Apollinaire


Lushebere, tarehe 24 Agosti 2009

Kaka Apollinaire,

Hukuja. Hukuandika pia. Wanasema njia imefungwa tangu katikati ya mwezi, watu wanapigana baada ya Nyabiondo, kwa hiyo sikulaumu sana.

Imekwisha! Jana niliapa. Nilivaa kitenge changu cha ndoa, nikaweka mkono juu ya Biblia kubwa ya parokia, nikasema: Neno la kaka yangu Apollinaire ni kweli, miti ipo pale ilipochomekwa na wazee, na kama nasema uongo Mungu anione. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Kapita akasema mpaka unabaki ulivyo. Upande wetu wakapiga vigelegele.

Nakuambia na mengine, maana wewe ni kaka yangu. Mama Cyusa hakupiga kelele. Alirudi kambini, akachukua yale mafiga yake mawili kutoka motoni petu, akayabeba mpaka mbele ya hema lake akiwa ameyafunga kwenye nguo. Figa langu moja limebaki peke yake, halishiki chungu. Jioni familia kumi na nne za upande wao zilipeleka ujumbe kwamba hazirudi Muheto. Wanasema hawalali kwenye kilima ambako marehemu anaitwa mwongo mara mbili. Na komite inasema bila wao hakuna kurudi, kilima kirudi chote ama kibaki. Sasa hata wetu wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu.

Sijui nimekosea wapi. Nimesema kweli na kila kitu kimevunjika. Niandikie. Nahitaji kusikia sauti yako.

Émilienne


Lushebere, tarehe 6 Septemba 2009

Apollinaire,

Mtu wako amefika Alhamisi, miguu imevimba. Alijificha siku kumi na mbili kwenye shamba la watu karibu na Nyabiondo. Barua ya tarehe 9 Agosti imenifikia tarehe 3 Septemba. Umechelewa siku kumi na moja kwangu, na miaka sita kwa wengine.

Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena. Kisha nikapiga mayowe mpaka Consolée akaja mbio akaichukua barua mkononi mwangu, kwa hiyo ameisoma, na usiniulize kwa nini sikumzuia. Mtoto wako hakulia. Alisema, "Shangazi, basi tangu niko na miaka kumi nakula maharagi ya bantu bengine." Tangu siku hiyo hataki kuvaa kile kitambaa.

Nina hasira na wewe, na nitaisema yote leo ili isilale nami. Ulinifundisha amri, na mkono wangu umeapa uongo wako. Padiri anasema mimi sina dhambi ya kiapo kwa kuwa sikujua. Sawa. Lakini mkono ni huu huu, nauona ninapoosha vyombo.

Umenifanya nifikirie habari ya Yona. Sisi wote tulipokuwa watoto tulipenda yule samaki. Hakuna aliyeuliza habari za wale mabaharia. Watu walikuwa na kazi yao, na mizigo yao, na watoto nyumbani. Hawakumtendea Mungu lolote. Wakatupa mali yao yote baharini kwa sababu mtu mmoja alikuwa amelala chini akimkimbia Mungu. Biblia haisemi kama waliipata tena. Kaka, sisi ndio mabaharia. Hakorimana alitupa jina lake. Mama Cyusa alimtupa mtoto. Wengine nyumba. Nawe ulikuwa umelala Walikale unapima chumvi.

Lakini Yona alisema jambo moja zuri: ni kwa sababu yangu. Umelisema. Nimelipokea, nami sikulificha hata saa moja. Nilikwenda na barua yako kwa Mama Cyusa kabla ya komite, maana yeye kwanza nilipaswa kumwomba msamaha. Nilipiga magoti nikamsomea neno kwa neno. Hakuniinua, wala hakunifukuza. Mwishoni aliuliza, "Tunachimba lini?"

Jana Jumamosi tulikwenda Muheto, mimi na yeye na kapita na watu wanne wa kila upande, na askari wawili wa kutulinda. Nilichukua jembe mwenyewe. Nilihesabu hatua sita, nikachimba. Shina la kwanza lilikuwa kiganja kimoja tu chini. La pili. La tatu. Kufika la saba watu hawakuwa na haja ya kuona zaidi, lakini Mama Cyusa alisema tuendelee, na tukaendelea mpaka kwenye jiwe kubwa. Mashina thelathini na nane. Machache yalikuwa bado yana uhai, yametoa vichipukizi vyeupe chini ya ardhi. Mwanamke yule alikaa juu ya udongo, akaweka kiganja juu ya shina moja, akalia kwa sauti kama siku ya maziko. Wanaume wote walitazama pembeni.

Leo Jumapili nilisimama kanisani nikafuta kiapo changu.

Hapa ndipo mambo yalipofika. Familia zile kumi na nne zinasema zitarudi, kwa sharti moja tu, na sharti hilo amelitoa Mama Cyusa. Nakufungia maneno yake. Alisema, nami nikaandika alivyosema, sikunyoosha neno. Mvua imeshaanza kunyesha usiku. Una wiki tatu, zaidi ya hapo hakuna maharagi.

Émilienne


Lushebere, siku hiyo hiyo

Papa Consolée,

Miye njo Verdiane, mama ya Cyusa. Dada yako njo anaandika, miye sikusoma.

Nimesikia barua yako mara mbili. Sitasema nimekusamehe. Padiri anasema ni lazima, basi niko naomba kwa Mungu, lakini haiyafika bado. Ikifika nitakuambia, sitakudanganya.

Lakini kuya. Usitume chumvi. Usitume barua ingine ya kulia. Kuya na mikono yako. Ile miti ya bongo, ya kudanganya bantu, ulipanda na mikono, utaing'oa na mikono, na bantu yote banaangalia, benu na betu. Na utasema jina ya bwana yangu kwa nguvu, vile ulisema ile siku ya kuapa. Kama iko askari mu njia, pita. Kama iko mvua, pita. Siye tulipita mu mbaya kuliko ile, tuko na batoto ku mugongo, juu ya bongo yako.

Bantu bamechoka na shitingi. Miye pia. Kuya basi.

(alama ya kidole ya Verdiane)


Walikale, tarehe 15 Septemba 2009

Kwa Émilienne na kwa Mama Cyusa,

Barua zimefika leo asubuhi. Nimemrudishia Papa Muhindo ufunguo wa duka na kumweleza sababu. Alinipa koti lake la mvua.

Natoka sasa hivi. Wanasema njia bado imefungwa. Nitapita.

Apollinaire


Muheto, tarehe 11 Oktoba 2009

Kwa Cyusa, mtoto wa Hakorimana na Verdiane, popote ulipo,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Nimeiandika mara nne kwa mkono, zote sawa. Moja nimempelekea Papa Muhindo, moja nimempa padiri, moja mfanyabiashara wa ng'ombe anayepita Karuba, na ya nne ninaibeba mwenyewe. Anayeandika ni Apollinaire, aliyekuwa katekista wa kilima chenu. Najua ukiona jina hilo utataka kuichana. Isome kwanza, ichane baadaye.

Nilifika tarehe 27 Septemba. Njiani walinikamata mara mbili wakanichukulia koti na viatu, ila waliniacha nipite, maana mtu asiye na kitu hachukuliwi kitu. Tarehe 29 kilima chote kilikusanyika mpakani, familia zote thelathini na moja. Niling'oa miti ile mmoja mmoja kutoka asubuhi mpaka jua la saa nane. Hakuna aliyenisaidia, ndivyo mama yako alivyotaka, na alitaka sawa. Kila mti nilisema jina la baba yako kwa sauti. Mwanzoni watoto walicheka. Kufika katikati hakuna aliyecheka. Kisha tukachomeka mipya juu ya mstari wa mashina ya zamani, na hapo mama yako alishika tawi upande mmoja, dada yangu upande wa pili.

Watu wamerudi. Maharagi yameota. Sitakudanganya kwamba yote yamepona. Wapo wa upande wetu ambao hawanisalimii kwa kuwa niliwafanya wachome zizi la mtu asiye na kosa, na wapo wa upande wenu ambao wanasali bado peke yao, chini ya bati lao. Mimi nakaa benchi la mwisho na nitakaa hapo. Binti yangu Consolée ananipikia, lakini anaweka sahani na kuondoka.

Na mama yako alinifuata Jumapili iliyopita, mimi nikidhani anakuja kuniambia ule msamaha umefika. Alisimama mbali kidogo akasema: "Papa Consolée, shamba ilirudi. Mutoto yangu haiko." Alisema hivyo tu, akaenda kuteka maji.

Nilikesha na maneno hayo, ila sikuhitaji kufikiri sana. Mti unang'olewa na kuchomekwa tena. Nilichokutendea wewe hakichomekwi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, unahudumu misa, unajua Kilatini cha nyimbo kuliko mimi. Ulisimama nyuma ya baba yako siku ile ukaniangalia nikiweka mkono juu ya Biblia. Nilikuona. Niliendelea. Kila hatari uliyopita tangu hapo, na kila jambo ulilofanya kwa bunduki ile, lina sehemu yangu ndani yake, na nimemwambia Mungu aiandike kwangu.

Kwa hiyo nakuja. Kesho Jumatatu naondoka kuelekea huko wanakosema mlionekana, ng'ambo ya msitu wa Walikale. Kapita amenikataza, dada yangu amelia, mama yako alinifungia viazi. Sina silaha. Nimevaa shati jeupe ili mnione mapema. Nisipokupata huko nitaenda kijiji kinachofuata, na kingine, mpaka nikupate ama nikose miguu. Kama uliapa kunilipa, nitakuwa barabarani, sitajificha tena. Na kama unaogopa kurudi kwa sababu ya uliyofanya, mimi nitatembea mbele yako mpaka mlangoni kwa mama yako, na atakayekutukana anitukane mimi kwanza.

Lakini huenda risasi ya mtu mwingine ikanipata kabla yako. Basi nakuandikia hapa lile neno nililopaswa kulisema Januari ile, wewe ukiwa umesimama nyuma ya mzee wako, kofia yake ikiwa mikononi mwake.

Baba yako alisema kweli.

Apollinaire